Pini ya Jonetta

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2015, saa tisa kasorobo alasiri, katika ukumbi wa kanisa la Mlima Nebo, mbele ya keki tatu na wanawake arobaini kasoro wawili waliovaa kofia. Asubuhi yake Cleophus Dantzler alikuwa ameamka na furaha. Na furaha, kwa mgane wa miaka hamsini anayebangua njugu za pekani kiwandani tangu ujana wake, ni ya kushikwa kwa tahadhari, kama sufuria isiyo na mpini.

Alikuwa amemsuka binti yake Kezia mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, mkewe Jonetta alipofariki, hakujua hata kitana kinaanzia wapi. Sasa aliweza mistari sita iliyonyooka, ingawa wa nyuma ulipinda kidogo kama barabara ya kaunti, ile ambayo wakubwa huahidi kuitengeneza kila mwaka wa kura. Alipiga pasi gauni jeupe. Alivaa glavu nyeupe za mtoto kwenye vidole vyake viwili ili kulikunjua bila kulichafua, kwa kuwa maji ya maganda ya pekani yakishaingia mkononi hayatoki.

"Baba, unazitanua," Kezia alisema.

"Nazifundisha kazi."

Kezia alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa Chipukizi. Machipukizi walikuwa wasichana ishirini wa kuanzia miaka tisa hadi kumi na miwili, na klabu yao ililelewa na kina Dada wa Lamda Theta Ro, chama chenye jina la herufi tatu za Kigiriki, ambacho mtu huingia akiwa msichana wa chuo na hutoka akiwa kwenye jeneza. Kina Dada waliwafundisha wasichana hao kusimama mbele ya watu, kuandika barua ya shukrani, kukaa kwenye kiti kana kwamba kiti ni chao. Tangu mama yake azikwe, Kezia hakuwa amefungua kinywa darasani. Mwalimu alidhani ni ujeuri. Ni hao Dada waliomrudishia sauti, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wiki moja mbele ilikuwa Siku ya Utepe, siku ambayo yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma ahadi ya Machipukizi mbele ya mji mzima. Alikuwa ameikariri hadi paka wa jirani anaijua.

Barua ya mwaliko wa chai ya ukumbini, iliyofika siku chache nyuma, ilisema kila msichana aje na mama yake au mwanamke anayemlea. Cleophus, aliyeacha shule darasa la nane, aliisoma kwa kidole. Alipofika kwenye neno "mwanamke" alicheka puani. Waandikao barua hawajawahi kumfikiria mwanamume aliyebaki peke yake. Akaendelea: msichana anaweza kuvaa kitu kimoja cha kumbukumbu ya mama.

Ndipo akalifungua kopo la biskuti alimokuwa Jonetta akitunza vyeti, na chini ya cheti cha ndoa akaikuta: pini ndogo ya dhahabu yenye umbo la taa, na juu ya taa herufi tatu. Herufi zilezile zilizoshonwa kwenye bendera ya kina Dada ukumbini. Jonetta alikuwa amesoma chuo miaka miwili kabla hawajaoana. Hakuwahi kutaja habari ya pini wala ya chama.

"Tazama," alimwambia binti yake. "Mama yako alikuwa mmoja wao."

Kezia aliipokea kwa mikono miwili. Usiku huo alilala nayo chini ya mto.

Sasa ilikuwa kifuani pake, na Bi Vernetta Stallworth, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa Dada wa mji ule, alikuwa akija kati ya meza akitabasamu kwa kila mtu, mpaka alipofika kwake tabasamu likakatika.

"Kezia, mwanangu. Simama kidogo. Nani kakuvisha hiki?"

"Baba. Kilikuwa cha mama."

"Jina la mama kwao?"

"Jonetta Sampley."

Bi Vernetta aligeuka kumtazama mwanamke aliyeshika daftari la wanachama. Yule akafunua, akateremsha kidole, akatikisa kichwa. "Hayumo."

"Basi tuitoe," alisema Bi Vernetta, na akaitoa mwenyewe kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa mtoto dudu. Uzi wa gauni ukafuata. "Herufi hizi, mwanangu, hazivai ambaye hajazipata. Hata binti yangu wa kumzaa hajawahi kuzigusa."

Hakusema kwa ukali. Lakini wasichana kumi na tisa walikuwa wakitazama tundu dogo kwenye gauni jeupe.

Cleophus alisimama. Mkononi alikuwa na sandwichi ya jibini iliyokatwa kingo, ndogo kama stempu. "Rudisha ulipoitoa."

"Bwana Dantzler, tutazungumza pembeni."

"Si umemvua hapahapa? Tuzungumze hapahapa."

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu naujua. Wakubwa wa kaunti hii walifunga hospitali kwa utaratibu, mke wangu akafia njiani kwenda nyingine, maili thelathini na nane. Mnajiita dada. Siku ile dada yupi alinijia hata na bakuli la viazi?"

"Sisi wa kanisa tulikuja, Cleophus," alisema Bi Fronnie, jirani yake, kutoka meza ya nyuma.

"Wewe sikuulizi, Bi Fronnie. Wewe ulileta kuku."

Watu wakacheka, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini kicheko kilimpanda kichwani. "Herufi tatu tu," alisema. "Hata katoni za pekani zina herufi."

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wa miaka themanini walikuwa ukumbini mle, waliokuwa wamezivaa herufi zile wakifundisha watoto wakati kaunti haikuwapa hata chaki. Mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu.

Kwenye pikapu Kezia hakulia. Alivua glavu, akazikunja, akaziweka mapajani.

"Baba," alisema walipofika taa nyekundu, "umewaita katoni."

\*

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Bi Vernetta alimpa bahasha kwa mkono wake mwenyewe na kumwuliza hali. Cleophus aliifungua nyuma ya pikapu ili asionekane akisoma kwa kidole. Kezia apumzike mpaka kina Dada wakutane Alhamisi. Mzazi anaitwa. Kama jambo halitakuwa limemalizika, ahadi itasomwa na msichana mwingine.

"Apumzike," alimsomea Bi Fronnie. "Kana kwamba mtoto kachoka."

"Wewe ndiye uliyemchosha," alisema Bi Fronnie. "Sasa acha kununa. Nenda kwa Bi Odessa Crume. Miaka ile yeye ndiye aliyekuwa akiwalea wasichana wa chuo kabla ya kuapishwa. Kama Jonetta alipita mlango ule, ni yeye aliyeushika."

Bi Odessa alikuwa na miaka themanini na sita. Alimpokea jikoni, ameketi, miguu imevimba ndani ya beseni la maji ya chumvi. Jikoni kulinuka sukuma zilizochemka na mguu wa nguruwe.

"Wewe ndiye uliyetuita katoni."

"Ndiye, mama."

"Birika hilo hapo. Niongezee maji ya moto. Polepole, sijawa nguruwe wa kunyonyolewa."

Akaongeza. Akamwuliza kuhusu pini, na yule bibi akafumba macho.

"Ilikuwa yake," alisema. "Niliiagiza mimi. Pini zilikuja kwa posta wiki mbili kabla ya kiapo, zilikuja tisa, na jina la Jonetta lilikuwa kwenye orodha yangu. Msichana mzuri. Alikuwa akicheka kwa bega."

Cleophus aliinamia beseni. Hakuwa amesikia mtu akikitaja kicheko kile tangu mazishi. Kwa bega, ndiyo, la kushoto, lilipanda kabla sauti haijatoka, hata akiwa amekupa mgongo kwenye sinki uliweza kujua umemchekesha.

"Siku tatu kabla ya kiapo," Bi Odessa aliendelea, "mtu akaja kuninong'oneza kwamba Jonetta ana mimba. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye mimba haapi. Nikamwita, akaketi hapo uliposimama. Nikamwambia, Jonetta, sikuulizi kilicho tumboni. Nakuuliza utanijibu nini. Ukisema hapana, nitaandika hapana."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ndiyo, na baba yake anafanya kazi kiwanda cha pekani, na nitaolewa naye.' Wala sikuwa nimemuuliza habari za kiwanda."

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Kiapo kilikuwa Aprili, mwaka tisini na nne. Cleophus aliujua Aprili ule. Mtoto yule hakukaa. Alitoka mwanzoni mwa Mei, na Jonetta alilala siku nne ameukabili ukuta, na yeye, kijana mjinga, alidhani analia kwa ajili ya mtoto peke yake. Angesema "hapana" moja tu. Wiki tano za kuvaa gauni pana, na angekuwa dada mpaka kufa, na wanawake wale wenye kofia wangesimama kulizunguka jeneza lake wakiimba, kama wanavyowaimbia wenzao.

"Kanuni ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Yetu."

"Mkuu alikuwa nani?"

"Mimi."

Kwa miaka miwili alikuwa akimtafuta mkubwa wa kumlaumu uso kwa uso. Mameya hawapatikani. Msimamizi wa kaunti ana katibu, na katibu ana simu isiyopokewa. Na sasa huyu hapa mmoja, miguu ndani ya beseni, na birika la maji ya moto lilikuwa bado mkononi mwa Cleophus. Alilirudisha juu ya jiko. Ilimchukua muda kuliweka sawasawa.

"Pini ilitakiwa irudi makao makuu," alisema Bi Odessa. "Niliandika kwamba imepotea njiani. Nikamtia mkononi, nikamwambia asiivae. Hakuivaa. Huo ndio udada niliokuwa nao siku ile, mwanangu. Haukutosha."

"Utayasema haya Alhamisi?"

"Alhamisi nitakuwepo," alisema, na akaomba taulo.

\*

Kiwandani, Jumatatu, habari ilikuwa imemtangulia.

"Clee," alisema Harvell, mwenzake wa mashine ya pili, "nasikia uliomba uanachama kwa kina mama wakakunyima."

"Walikosa glavu za saizi yangu."

"Ungesuka nywele."

"Nywele za kusuka nitazitoa wapi, kwenye masikio yako?"

Wakacheka, mashine zikaendelea. Lakini mkono wa Cleophus ulikuwa ukikosea, ukipitisha mbovu pamoja na nzima, mpaka msimamizi, kijana wa juzi, akaja kusimama nyuma yake. Alikuwa akimwaza msichana wa miaka ishirini akipelekwa kuchagua jibu jikoni mwa mtu, naye hakuwepo. Angekuwepo angemwambiaje? Miaka kumi na tisa ya ndoa, kila Machi kina Dada walipopita kwenye gwaride na gauni zao, Jonetta alikuwa akikumbuka kwamba ana nguo za kufua. Yeye alimtania: wenzako wote barabarani, wewe na sabuni. Naye akajibu, "Atakufulia nani, gwaride?"

Nyumbani Kezia hakuuliza kitu. Aliendelea kuisema ahadi, lakini sasa kwa kunong'ona, chooni, bomba likiwa wazi.

\*

Alhamisi Cleophus alitoka kazini moja kwa moja, vumbi la maganda kwenye nyusi. Kina Dada walikuwa saba, mezani, katika chumba cha nyuma cha ukumbi. Walimpa kiti cha Machipukizi. Vingine vilikuwa vimekwisha. Magoti yakamfika kifuani. Bi Odessa alikuwa amekaa mwisho wa meza, mkoba mapajani.

"Niliziita herufi zenu katoni," alisema Cleophus kabla hajaulizwa. "Nimekosa. Mtoto hakuwepo kwenye kosa hilo."

"Tunapokea," alisema Bi Vernetta. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri. "Nikwambie jambo, Bwana Dantzler. Yule mtoto alipokuja kwetu alikuwa akiongea na viatu vyake. Nisingependa kumpoteza. Lakini mimi si mwenye herufi hizi. Nimekabidhiwa." Akasukuma karatasi. "Hii ni kumbukumbu tu. Ukiweka sahihi, tumemaliza."

Aliisoma. Wote wakangoja kidole kipite, na mwanamke wa daftari akaangalia dirishani kwa adabu, jambo ambalo lilimchoma kuliko kama angemtazama. Pini, karatasi ilisema, ilifika mikononi mwa familia kwa njia isiyojulikana.

"Mke wangu hakuiba."

"Hakuna aliyesema aliiba."

"Hakuna aliyesema hakuiba."

Bi Vernetta aliinyoosha karatasi kwa kiganja. Kisha akauliza, kwa haki, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kadiri utaratibu ulivyomruhusu: "Kuna Dada mwenye la kuongeza kuhusu pini hii?"

Cleophus akatazama mwisho wa meza. Bi Odessa alivua miwani. Akaifuta kwa leso upande mmoja, akaifuta upande wa pili, akaivaa, na kisha akaivua tena akaifuta. Midomo yake ilitikisika mara moja. Miaka themanini na sita, na sitini na tano ya hiyo akiitwa Dada. Mtu wa umri huo akishakiri mezani, atazikwa na nani? Wakubwa hukiri jikoni. Mezani hufuta miwani.

Angeweza kusema yeye. Maneno yalikuwa yamemjaa kinywani. Lakini ushahidi wake ungekuwa nini, neno la mbangua pekani aliyewatukana Jumamosi, juu ya bibi anayeheshimiwa kuliko mchungaji? Na tena Siku ya Utepe ilikuwa keshokutwa.

"Hakuna," alisema mwanamke wa daftari, akaandika.

"Jina kamili hapa chini," alisema Bi Vernetta.

Akaliandika, herufi kubwakubwa. Pini ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikalambwa. Alipokuwa akijikwamua kwenye kile kiti, Bi Odessa alimshika mkono wa shati, akashika kitambaa tu, akakiachia.

\*

Jumamosi Kezia alivaa gauni lilelile. Bi Fronnie alikuwa ameziba lile tundu kwa ua la uzi mweupe. Usingelijua kama hukuambiwa. Yeye ndiye angemfunga utepe, kwa kuwa lazima awe mwanamke, na alikuwa ametangulia ukumbini na keki yake ya siagi.

Cleophus aliegesha pikapu mbali kidogo, akazima injini. Alikuwa amejiahidi kutosema, na alikuwa amejiahidi kusema, na ahadi zote mbili zilikuwa na umri wa siku mbili.

"Uliniuliza kama mama alikuwa mmoja wao."

"Sikuuliza. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema kabla sijajua. Alifika mlangoni, Kezia. Pini ilikuwa yake kweli, waliiagiza kwa jina lake. Halafu wakamuuliza jambo, akajibu kweli, na waliojibu kweli hawakuingia."

"Jambo gani?"

"Kama ana mtoto tumboni. Alikuwa naye. Siyo wewe, wa kabla yako, hakukaa." Alishika usukani kana kwamba gari linakwenda. "Na kama ataolewa nami. Hilo hakuulizwa, alilisema mwenyewe."

Kezia alifikiri. "Uliwaambia Alhamisi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wangempa ahadi mwingine aisome."

Hakuona kwenye uso wake kama hilo lilikuwa jibu zuri au baya. Alikuwa amechukua paji la uso la Jonetta, ambalo halikumwambia mtu kitu mpaka lenyewe litake. Wasichana walikuwa wakipita na mama zao, gauni jeupe kwa gauni jeupe, wakijishika kofia kwa sababu ya upepo. Mmoja alimpungia Kezia. Naye akampungia, haraka, kwa mkono wa chini. Cleophus akaona alivyotaka kuwa mle ndani, alivyotaka mpaka kwenye vidole vya miguu vilivyokuwa vikikanyaga sakafu ya gari.

"Twende, basi," alisema.

Bi Vernetta mwenyewe alikuwa ameushika mlango. Nyuma yake viti vilikuwa vimejaa, bendera imetundikwa, na mstari wa mbele Bi Odessa alikuwa ameketi na kofia ya rangi ya krimu, ameugeukia mlango.

"Kezia mwanangu," alisema Bi Vernetta kwa upole, na ulikuwa upole wa kweli. "Karibu. Tunakungoja wewe tu."

Msichana alipanda ngazi mbili kati ya tatu, akasimama. Hakumgeukia baba yake tu. Aliwatazama wote, aliyeshika mlango na aliyekaa mstari wa mbele, na alisema kwa ile sauti waliyomfundisha wao, ya kufika mpaka viti vya nyuma:

"Mama angekuwepo leo, angeingia na mimi, au angebaki kwenye gari?"